Mtunza Mgonjwa Nyumbani: Mafunzo, Usimamizi na Daftari Linalosema Kweli

Mwanamke mwenye umri wa miaka 71, mkazi wa Makumira, alipata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Alilazwa siku 12, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Watoto wake wanaishi mbali. Walishauriana, wakakubaliana kulipia wakala wa huduma za majumbani, na wakala akamleta binti wa miaka 24 akae naye usiku na mchana. Binti huyo alikuwa na cheti. Cheti chenyewe nakifahamu vizuri, kwa kuwa sahihi iliyo chini yake ni yangu. Ni mimi niliyewafundisha wahudumu wa wakala huyo kwa siku 2, ukumbini, kwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Katika wiki ya 6 mgonjwa aliletwa hospitali akiwa na homa kali. Tulipomgeuza tulikuta kidonda juu ya kifandugu, kipana kama kisahani cha kikombe cha chai, chenye kina hadi mfupani. Familia ilikuwa imebeba daftari lake la huduma. Kila ukurasa ulikuwa nadhifu: saa 2, saa 4, saa 6, na mbele ya kila saa neno "amegeuzwa", usiku na mchana, kwa wino mmoja. Nilifunua ukurasa wa mwisho. Uliandika kwamba siku hiyohiyo mgonjwa aligeuzwa saa 10 jioni na tena saa 12 jioni. Wakati nausoma ilikuwa saa 9 alasiri, na mgonjwa alikuwa mbele yangu kitandani.

Wakala alitaka kumfukuza kazi binti yule papo hapo. Niliomba kwanza tumsikilize. Alisema maneno machache: "Dokta, mlitufundisha kumgeuza mgonjwa tukiwa wawili. Mimi niko peke yangu, na Bibi ana uzito kunizidi. Halafu tuliambiwa nafasi ikiachwa wazi kwenye daftari, mshahara unakatwa."

Somo hili limetokana na maneno hayo. Baadhi ya maelezo ya mgonjwa nimeyabadilisha ili kulinda faragha yake. Makosa sikuyabadilisha, kwa sababu mengi yalikuwa yetu sisi tuliofundisha na kusimamia.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, mhudumu wa afya, msimamizi wa wakala au ndugu wa mgonjwa aweze: kutambua sababu zinazomfanya mtunza mgonjwa asifuate utaratibu aliofundishwa, kufundisha kando ya kitanda na kuhakikisha kuwa fundisho limeingia mikononi, kutengeneza daftari linalosema kweli, na kupanga ziara za usimamizi zinazomlinda mgonjwa pamoja na anayemtunza.

Nani anamtunza mgonjwa nyumbani?

Katika vijiji na miji midogo iliyoko kandokando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, kuanzia Tengeru, Makumira, Usa River hadi Maji ya Chai, mgonjwa wa muda mrefu hutunzwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni ndugu, mara nyingi mke, binti au mkwe, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaiweza kazi hiyo. Wa pili ni mhudumu wa kuajiriwa, awe ameletwa na wakala au ni dada wa kazi aliyeongezewa jukumu la mgonjwa juu ya kupika na kufua. Wa tatu ni mhudumu wa jamii, anayepita nyumba hadi nyumba kwa niaba ya kituo cha afya au hospitali.

Aina hii ya tatu ina historia ndefu hapa kwetu. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imekuwa ikitoa huduma ya hospisi na tiba shufaa majumbani kwa zaidi ya miaka 20, ikiwatumia wauguzi pamoja na watu wa kujitolea kutoka katika jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka 5, baada ya kila mmoja kupata mafunzo ya miezi 6. Mpango huo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mhudumu wa jamii hupita na kuondoka. Usiku wa manane, mgonjwa anapolowa au kupaliwa, aliye naye ni ndugu au mwajiriwa. Kwa hiyo mafunzo na usimamizi wa hawa wawili ndiyo kiini cha somo letu.

Nao watazidi kuhitajika. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, jirani zetu wa upande wa Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kuwa kiharusi ni ugonjwa wa kwetu sawasawa na ulivyo wa nchi tajiri. Wagonjwa wengi wanaosalimika hurudi nyumbani wakiwa hawawezi kujigeuza, kujilisha wala kujisafisha.

Mafunzo ya mara moja yana mipaka

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika London kwa wagonjwa 300 wa kiharusi na watunzaji wao. Watunzaji waliofundishwa stadi za msingi kabla ya mgonjwa kuruhusiwa hawakuelemewa sana kama wenzao, na gharama za matibabu zilipungua. Habari hizo zilipokelewa kwa furaha, na Uingereza ikaamua kuyajaribu mafunzo hayo kwa upana. Matokeo ya jaribio la pili yalitoka mwaka 2013: katika vitengo 36 vya kiharusi, vyenye wagonjwa 928 na watunzaji wao, hapakuonekana tofauti kati ya waliofundishwa kwa mpango huo na wasiofundishwa. Watafiti wenyewe walieleza kuwa huenda siku za mwanzo baada ya kiharusi, wakati familia bado imeduwaa, si wakati mwafaka wa kufundisha. Mwaka 2017 utafiti wa India, uliohusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, nao haukuona faida ya kuwafundisha ndugu kuendesha mazoezi ya mgonjwa nyumbani.

Msomaji asielewe kuwa mafunzo hayana maana. Tafiti hizi zinatufundisha kuwa maarifa yaliyomiminwa mara moja, wodini au ukumbini, hayavuki kizingiti cha nyumba kwa nguvu zake yenyewe. Yanahitaji mtu wa kuyasindikiza.

Sheria ya Marekani, nchi ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, inatupa mfano mzuri. Wakala wa afya za majumbani anayelipwa kupitia bima ya Medicare hulazimika kuhakikisha kuwa mhudumu wake amepata mafunzo ya saa zisizopungua 75, yakiwemo angalau saa 16 za vitendo chini ya usimamizi, na mafunzo ya kujiendeleza ya saa 12 kila mwaka. Zaidi ya hayo, mgonjwa anapokuwa anapokea huduma ya kiuguzi au ya tibamaungo, mtaalamu hutakiwa kufuatilia kazi ya mhudumu huyo angalau kila baada ya siku 14. Wengi wetu tunaposoma kanuni kama hizi tunaiga saa za darasani, tunaziacha siku 14. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilitoa siku 2 za mafunzo, sikutoa hata ziara moja.

Sababu nne za kutozingatia utaratibu

Mtunza mgonjwa anapoacha kufanya alichofundishwa, wasimamizi wengi husema "ni mzembe". Wazembe wapo. Lakini kabla ya kutamka neno hilo, jiulize swali hili: kama mimi mwenyewe ningekuwa hapa, peke yangu, usiku wa manane, kwa vifaa hivi, ningeweza? Jibu litakuelekeza kwenye moja ya sababu nne, na kila sababu ina dawa yake.

Hajui. Hakufundishwa, au alifundishwa akasahau, au alifundishwa jambo lisilofanana na nyumba aliyomo. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Mlima Meru ni kali, na watunzaji huingiza jiko la mkaa chumbani kwa mgonjwa na kufunga madirisha. Moshi hauonekani, lakini mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua mgonjwa na mtunzaji wakiwa usingizini. Wengine huweka chupa ya maji ya moto kwenye mguu uliopooza, nao mgonjwa huungua bila kuhisi. Mafunzo yangu ya ukumbini hayakugusa hata moja kati ya haya. Dawa ya kutojua ni kufundisha, tena ndani ya chumba chenyewe.

Hawezi. Anajua, lakini mwili au muda haumruhusu. Binti wa kilo 50 hawezi kumnyanyua mgonjwa wa kilo 85 mara 12 kwa siku. Asiyelala hawezi kuamka kila baada ya saa 2 kwa wiki 6. Semina nyingine haimsaidii mtu huyu. Anahitaji msaidizi, mbinu nyepesi zaidi, au ratiba inayobebeka.

Hana. Hana glovu, hana sabuni, shuka ni mbili tu, maji ya bomba yamekatika siku ya tatu. Utaratibu unaotegemea kifaa kisichokuwepo ni utaratibu wa karatasini. Dawa yake ni orodha ya vifaa inayokubaliwa na familia kabla huduma haijaanza, na njia mbadala iliyo salama. Kibuyu chirizi kilichofungwa nje ya mlango wa chumba cha mgonjwa, pamoja na kipande cha sabuni, kinatosha kwa kunawa mikono pale bomba linapokuwa mbali.

Anaogopa. Anaogopa kukatwa mshahara, kufokewa na mwenye nyumba, kuonekana hafai. Huyu ndiye anayejaza daftari kabla ya saa kufika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tulikuwa tumetunga utaratibu uliomlazimisha binti wa watu kuyaficha maradhi. Dawa ya hofu ni kanuni moja inayotangazwa siku ya kwanza: hakuna atakayeadhibiwa kwa kuandika "sikuweza". Kinachoadhibiwa ni kuandika uongo. Kanuni hiyo nayo haina uzito mpaka msimamizi amesoma "sikuweza" ya kwanza na kuijibu kwa msaada.

Kufundisha kando ya kitanda

Stadi ya mikono hufundishwa kwa mikono. Fuata hatua 4: eleza kwa ufupi, onyesha ukiwa kimya ili macho yafanye kazi, mwache afanye mwenyewe huku wewe umeshika mikono yako nyuma, kisha rudi baada ya siku 2 au 3 afanye tena bila kukumbushwa. Usiulize "Umeelewa?" Kwa desturi zetu, mdogo akiulizwa hivyo na mkubwa hujibu "Ndiyo". Sema: "Nionyeshe utakavyofanya leo usiku." Asiyejua atajulikana, naye hatakuwa amefedheheka.

Tuchukue stadi mbili ambazo zikikosewa madhara yake ni makubwa.

Kumgeuza mgonjwa. Kidonda cha kulalia hutokea pale nyama inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu isipite. Sehemu zinazoumia upesi ni kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu na kisogo. Mtunzaji aliye peke yake afanye hivi:

1. Amweleze mgonjwa anachotaka kufanya, hata kama mgonjwa hawezi kusema.
2. Atandike kitenge kilichokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kuanzia mabegani hadi mapajani. Kitenge hiki hukaa hapo siku zote, na hubadilishwa kinapolowa.
3. Akunje goti la mgonjwa lililo upande wa mbali, aulaze mkono wake kifuani, kisha amvute kwa kitenge kuelekea kwake. Asiuvute kamwe mkono uliopooza, kwani bega lake huteguka kwa urahisi.
4. Aweke mto nyuma ya mgongo ili mgonjwa aegemee kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja.
5. Aweke mto mdogo katikati ya magoti, na mwingine chini ya misuli ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro.
6. Kila anapomgeuza, aitazame ngozi na kuigusa.

Hatua ya 6 ndiyo inayosahaulika. Katika ngozi nyeusi, wekundu unaosimuliwa vitabuni huenda usionekane. Pitisha mgongo wa vidole: mahali palipo na joto au ubaridi kuliko pa jirani, pagumu au pa tepetepe, palipogeuka rangi kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, au panapomuuma mgonjwa, ni onyo. Usipasugue wala kupakanda. Ondoa uzito hapo na umpigie muuguzi simu.

Je, ni lazima iwe kila baada ya saa 2? Hiyo ndiyo kanuni ya zamani, na kwa mgonjwa aliye kwenye godoro la kawaida bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka nyumba za kutunzia wazee za Marekani na Kanada haukuona tofauti ya vidonda kati ya waliogeuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4, ilimradi wote walilala kwenye magodoro mazito ya sponji na ngozi zao zilikaguliwa. Maana yake kwetu ni kwamba muuguzi anaweza kupanga na familia ratiba inayotekelezeka, akianza na godoro na kuongozwa na hali ya ngozi. Ratiba ya saa 3 inayofuatwa ni bora kuliko ya saa 2 inayoandikwa tu.

Kumlisha mgonjwa. Kiharusi kinaweza kuharibu umezaji, chakula kikaingia kwenye njia ya hewa na kuleta homa ya mapafu. Mgonjwa aketishwe wima, kidevu kikiinama kidogo. Apewe kijiko kidogo kimoja kimoja. Mtunzaji asubiri ameze kabla ya kuongeza. Asilishwe akiwa amelala au anasinzia. Baada ya kula abaki ameketi kwa angalau dakika 30, na kinywa kisafishwe, kwa sababu mabaki yaliyofichika shavuni hupalia baadaye. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa kama ina maji, acha kumlisha na utafute ushauri siku hiyohiyo. Kwa mgonjwa wa aina hii maji mepesi mara nyingi humpalia upesi kuliko uji mzito.

Daftari linalosema kweli

Daftari la huduma lina kazi moja: kumwezesha mtu asiyekuwepo kujua mgonjwa yuko katika hali gani. Likitumika kama fimbo ya kumchapia mtunzaji, kazi hiyo hufa. Baada ya tukio la Makumira tulilibadilisha daftari la wakala kwa namna tano.

Kwanza, tuliondoa saa zilizochapwa tayari. Mtunzaji huandika saa halisi aliyofanya jambo. Pili, pahala pa alama ya vema tuliweka jambo la kutazama: "amegeuzwa upande gani, ngozi ikoje". Aliyeandika "kushoto, kifandugu kina joto" amemwangalia mgonjwa. Tatu, tuliongeza safu iitwayo "sikuweza, kwa sababu". Nne, dawa huhesabiwa: vidonge vilivyobaki, au kiasi kilichobaki kwenye chupa, huandikwa kila jioni. Hili ni la lazima kwa mgonjwa anayetumia mofini ya maji. Chupa yake hufungiwa, na kila dozi huandikwa ilipotolewa. Tano, kila ziara msimamizi huweka sahihi na kuandika alichokifanya kuhusu kila "sikuweza" aliyoikuta.

Msimamizi asome daftari baada ya kumtazama mgonjwa, kamwe asitangulize daftari. Ngozi, uzito, usafi wa kinywa na harufu ya chumba husimulia wiki nzima. Daftari likitofautiana na mwili wa mgonjwa, amini mwili.

Daftari pia ni siri ya mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Picha ya kidonda haitumwi kwenye kundi la simu la ukoo bila ridhaa. Atumiwe muuguzi anayehusika, kwa idhini ya mgonjwa au ya msimamizi wake, kisha ifutwe kwenye simu ya mtunzaji.

Ratiba ya usimamizi

Kwa mgonjwa mpya tunapendekeza ziara siku ya 1, siku ya 3 na siku ya 7, kisha kila baada ya siku 14. Ziara ya siku ya 3 ina thamani kubwa kuliko zote, kwani ndipo mtunzaji anapokuwa amekwisha kukutana na shida lakini hajazizoea. Ziara moja kati ya tatu isitangazwe, nayo ifanyike wakati wa kazi ngumu: saa ya kuoga, saa ya kula, au jioni. Masika yanapoharibu njia za mlimani na bodaboda zikashindwa kupanda, piga simu ya dakika 10 usiahirishe. Lakini simu isichukue nafasi ya ziara mara mbili mfululizo.

Kila ziara msimamizi atazame mambo sita: ngozi ya mgonjwa, kinywa na umezaji, mkojo na haja kubwa, dawa zilizobaki, vifaa vilivyobaki, na mtunzaji mwenyewe. Hili la sita halipo kwenye fomu nyingi, nalo linahitaji maelezo yake.

Kumlinda anayetunza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mhudumu wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Binti wa Makumira alikuwa amekaa wiki 6 bila hata siku moja ya kupumzika. Tunapomnyima mtunzaji usingizi tunakuwa tumemnyima mgonjwa ulinzi, na hakuna adhabu wala semina itakayoufidia usingizi huo.

Ndugu anayemtunza mzazi au mwenzi wake hana mkataba, lakini ana mwili uleule. Panga zamu katika ukoo, hata kama ni nusu siku kwa wiki: jirani au shangazi akae na mgonjwa siku ya gulio la Tengeru ili mtunzaji atoke, anunue, azungumze na watu. Mwulize kwa upole: "Mgongo unauma? Unalala saa ngapi? Unalia?" Anayesema amechoka asijibiwe kwa kuambiwa avumilie.

Kwa familia: maswali ya kumwuliza wakala

Kabla ya kulipa, uliza haya. Nani atakuja kumkagua mhudumu hapa nyumbani, na siku zipi? Mhudumu amewahi kutunza mgonjwa mwenye hali kama ya mgonjwa wetu? Nani atakaa na mgonjwa siku yake ya mapumziko? Usiku tukipata dharura tunampigia nani? Mhudumu akikosea, mnafanya nini? Wakala anayejibu swali la mwisho kwa kusema "tunamfukuza" hajakueleza namna atakavyozuia kosa lisirudiwe na atakayefuata.

Alama za hatari

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya bila kuchelewa ukiona lolote kati ya haya: homa, kupumua kwa shida, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa kwa ghafla, udhaifu mpya wa uso, mkono au mguu, ngozi iliyochubuka au kuwa nyeusi juu ya mfupa, kidonda chenye usaha au harufu, mkojo kutotoka kwa saa 8 au mpira wa mkojo kuziba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kumeza dawa.

Maswali ya kujipima

1. Mtunzaji ameandika "sikuweza kumwogesha, maji hakuna" mara 3 wiki hii. Ni sababu ipi kati ya zile nne, na utafanya nini?
2. Daftari linaonyesha mgonjwa amegeuzwa ipasavyo, lakini kisigino chake kina joto na kimekuwa cheusi. Unaamini kipi, na hatua ya kwanza ni ipi?
3. Umemwonyesha mkwe wa mgonjwa namna ya kulisha. Utajuaje kuwa ameelewa?

Majibu: (1) Hana, zungumza na familia kuhusu maji ya akiba, na fundisha usafi wa kitandani kwa maji kidogo. (2) Amini kisigino. Kiinue kielee mara moja, mjulishe muuguzi, kisha uzungumze na mtunzaji bila kumtisha. (3) Mwombe amlishe mgonjwa mbele yako, na urudi baada ya siku 2 au 3.

Hitimisho

Binti hakufukuzwa. Familia ilinunua godoro zito la sponji. Kijana wa jirani alikubali, kwa malipo kidogo, kusaidia kumgeuza mgonjwa mara 4 kwa siku. Usiku binti alitumia kitenge na mto kama alivyofundishwa, safari hii kitandani kwa Bibi mwenyewe. Na kila Jumapili alipokewa zamu na mhudumu mwingine. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya ulikuwa na "sikuweza" mbili. Nilifurahi kuziona kuliko nilivyowahi kufurahia ukurasa uliojaa.

Kidonda kilichukua miezi 5 kufunga. Miezi hiyo ndiyo ambayo mgonjwa angekuwa anajifunza kutembea upya, na mpaka leo hatembei bila kushikwa. Deni hilo siwezi kulilipa. Kwa hiyo siku hizi sitii sahihi cheti cha mtunza mgonjwa siku ya mwisho ya mafunzo. Nakitia siku ya 14, nyumbani kwa mgonjwa, baada ya kuitazama ngozi.